Shajara ya mradi: nyuti wa Alpi, kutoka tangi tupu hadi wadogo wa nchi kavu

Nyuti ni amfibia mwenye mkia, wa ukoo mmoja na salamanda. Mradi huu ni wa nyuti wa Alpi, Ichthyosaura alpestris, nususpishi apuana ya Italia. Kundi lina madume 2 na majike 3, wote waliozaliwa mikononi mwa wafugaji. Apuana amechaguliwa kwa kuwa hukaa majini karibu mwaka mzima, jambo linalorahisisha ulishaji, na huvumilia joto kidogo kuliko ndugu zake wa milimani. Kuvumilia lakini si kupenda: kikomo chetu ni nyuzi 22 za Selsiasi, na kiwango cha kila siku ni 15 hadi 18.

Kupata mayai si kazi ngumu. Jike mmoja anaweza kutaga zaidi ya 100 kwa msimu. Ugumu uko kabla na baada: miezi ya baridi inayotangulia kutaga, na chakula hai kinachotakiwa siku viluwiluwi wanapofungua midomo. Kumbukumbu nyingi hapa chini ni za mambo hayo mawili.

Wiki ya 1 hadi ya 5: maji kabla ya wanyama

Tangi ni la kioo, sentimita 80 kwa 40 kwa 40. Maji yamejazwa hadi sentimita 30, yaani lita 96 hivi, na sentimita 10 za juu zimeachwa wazi. Nafasi hiyo ni ya usalama. Nyuti mwenye ngozi iliyolowa hupanda kioo kilichosimama wima kama mjusi ukutani, na akitoka nje hukauka na kufa kabla hujajua kwamba hayupo. Kifuniko ni fremu yenye wavu laini, na pembe inapopita hose ya hewa imezibwa kwa sponji. Pembe hiyo ndiyo inayosahaulika mara nyingi.

Chini kuna mchanga laini, tabaka la sentimita 2. Changarawe haikutumiwa. Nyuti hugugumia chakula pamoja na kilicho karibu yake, na kokoto ya milimita chache ikimezwa inaweza kuziba utumbo. Filta ni ya sponji, inayoendeshwa na pampu ndogo ya hewa yenye vali ya kupunguza nguvu. Wanyama hawa ni wa vidimbwi vilivyotulia. Mkondo ukiwa mkali wataanza kukimbilia juu na kukataa kula. Mimea: elodea nyingi, mosi ya Java, na kipande cha gome linaloelea kwa anayetaka kutoka majini.

Kukuza bakteria wa filta, wanaogeuza amonia ya uchafu wa wanyama kuwa nitriti kisha nitrati, kulifanywa kwa nyuzi 24, bila mnyama hata mmoja. Bakteria hao huongezeka polepole sana kwenye baridi, kwa hiyo ni heri wakuzwe kwenye joto kwanza, halafu tangi lipozwe. Tuliweka kloridi ya amonia hadi kipimo kikasoma miligramu 2 kwa lita, tukapima kila siku ya pili. Amonia ilianza kushuka, nitriti ikapanda ikakaa juu muda mrefu, kisha ikaporomoka. Tangi lilihesabiwa kuwa tayari siku ambayo miligramu 2 za amonia zilimalizika ndani ya saa 24 na nitriti nayo ikasoma sifuri. Hapo tukabadilisha asilimia 80 ya maji ili kushusha nitrati, tukaliacha lipoe.

Maji ya bomba yote hupitishwa kwenye dawa ya kuondoa klorini. Kuyaacha wazi usiku mzima huondoa klorini ya kawaida, lakini hakuondoi kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, na mamlaka nyingi za maji sasa hutumia kloramini.

Wiki ya 6 hadi ya 12: karantini

Kila nyuti yuko peke yake kwenye sanduku la plastiki la lita 10, lenye karatasi ya jikoni isiyo na rangi, kipande cha bomba la plastiki cha kujifichia, na maji ya sentimita 8. Kila sanduku lina kibano chake na nyavu yake. Hakuna chombo kinachohama.

Sababu ya ukali huu ni kuvu wawili. Batrachochytrium dendrobatidis alielezwa kisayansi mwaka 1999, na Batrachochytrium salamandrivorans, anayeitwa kwa kifupi Bsal, mwaka 2013 baada ya salamanda wa madoa ya njano kufa kwa wingi Uholanzi. Bsal hula ngozi, na ngozi kwa nyuti ni pafu na figo pia. Nyuti wa Alpi anaweza kumbeba bila dalili kwa muda, akamwambukiza mwenzake. Kwa hiyo macho pekee hayatoshi: kila mnyama alipakwa pamba ya maabara tumboni, kwenye nyayo na chini ya mkia, sampuli zikapimwa kwa PCR, kipimo cha maabara kinachotafuta vinasaba vya kuvu. Ni kwa ajili ya Bsal kwamba Marekani mwaka 2016 ilizuia kuingiza na kusafirisha kati ya majimbo spishi 201 za salamanda, nyuti wa Alpi akiwamo. Anayepanga mradi kama huu aanze kwa kusoma sheria ya alipo; nyuti wa Alpi yumo pia kwenye Kiambatisho cha III cha Mkataba wa Bern, mkataba wa Ulaya wa kulinda wanyamapori.

Kipimo cha vimelea vya tumbo kilifanywa kwa kinyesi kibichi. Chakula wiki hizi ni vipande vya nyungunyungu tu, vyenye urefu wa kichwa cha nyuti. Jihadhari na nyungunyungu wekundu wa mboji: wakikatwa hutoa majimaji ya njano machungu, na nyuti aliyewaonja mara moja anaweza kukataa nyungunyungu wa kila aina kwa siku kadhaa. Nyungunyungu wa udongo wa kawaida, asiye na dawa ya kilimo, ndiye bora.

Wiki ya 13

Majibu ya PCR ni safi. Wote 5 wamehamia tangi kubwa. Maji: amonia 0, nitriti 0, pH 7.6, joto 17.

Wiki ya 14 hadi ya 23: baridi

Hapa ndipo miradi mingi inapoharibika kimya kimya. Nyuti anayekaa kwenye nyuzi 18 mwaka mzima huonekana mzima, hula vizuri, hunenepa, lakini jike hubaki bila mayai au hutaga machache yasiyorutubishwa, na dume haoti mapambo ya msimu. Miili yao husubiri majira yabadilike.

Joto lilishushwa nyuzi 1 kila baada ya siku 3, kutoka 17 hadi 8, kwa kutumia mashine ya kupoza maji. Taa zilipunguzwa kutoka saa 12 hadi 8 kwa siku. Walikaa kwenye nyuzi 6 hadi 8 kwa wiki 6. Chakula kilipungua chenyewe: kuanzia nyuzi 10 kushuka, kipande kimoja cha nyungunyungu kwa wiki kinatosha, na ambacho hakijaliwa ndani ya saa 2 kinatolewa. Mmeng'enyo wa chakula kwenye baridi ni wa polepole, na bakteria wa filta nao wanafanya kazi kivivu. Ukilisha kwa mazoea ya majira ya joto, amonia itapanda hata kwenye tangi lililokomaa. Wiki ya 17 kipimo kilionyesha amonia 0.25. Tulibadilisha robo ya maji, yakiwa yamepozwa kwanza hadi joto lile lile, na tukaruka mlo mmoja. Wiki iliyofuata ilikuwa sifuri.

Asiye na mashine anaweza kutumia chumba cha baridi kisicho na kipasha joto, au feni inayopuliza juu ya maji. Feni hushusha nyuzi 2 hadi 4 kwa kuyafanya maji yavukize, kwa hiyo yaliyopungua lazima yajazwe, la sivyo chumvi zake huongezeka. Chupa za barafu hazifai kwa kazi hii. Zinapandisha na kushusha joto mara kadhaa kwa siku, na huko kuyumba huwachosha wanyama kuliko joto lenyewe.

Wiki ya 24 na ya 25: kupandisha joto

Nyuzi 1 kila siku 2, hadi 14. Taa saa 10, halafu 12, halafu 13. Milo iliongezwa taratibu ili filta iamke pamoja nao.

Madume yamebadilika. Mgongo umekuwa wa buluu ya kijivu, ubavuni kuna ukanda mweupe wenye madoa meusi na chini yake mstari wa samawati inayong'aa, tumbo ni la rangi ya chungwa lisilo na doa. Juu ya mgongo kuna kishungi kifupi cha njano chenye alama nyeusi. Kloaka, tundu moja la kinyesi, mkojo na uzazi, imevimba ikawa duara, na hiyo ndiyo alama ya uhakika ya dume hata asipokuwa na rangi kali. Majike ni wakubwa zaidi, rangi zao zimefifia, na tumbo limejaa pande zote mbili.

Nyuti hawa hawakumbatiani kama vyura. Dume husimama mbele ya jike, huukunja mkia wake ubavuni na kuutikisa kwa kasi ili kumpelekea jike harufu yake kupitia maji. Jike akikubali humsogelea. Dume hugeuka, hutembea polepole, na jike akimgusa mkia kwa pua, huacha kifuko cha mbegu sakafuni. Jike hupita juu yake na kukichukua kwa kloaka. Mchanga wenye uchafu mwingi huharibu hatua hii, maana kifuko hufunikwa na takataka kisishike. Jike huhifadhi mbegu ndani ya mwili, kwa hiyo anaweza kutaga mayai yaliyorutubishwa hata madume wakiwa wameondolewa.

Wiki hii pia ndiyo ya kuanzisha chakula cha viluwiluwi. Mayai bado hayajaonekana, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Ndoo 2 za lita 20 za dafnia, yaani viroboto wa maji, zimewekwa dirishani, zikilishwa hamira kidogo na maji ya kijani yenye mwani. Dafnia huchukua wiki 3 hadi 4 kufikia wingi wa kuvunwa. Mwenye kungoja mayai ndipo aanze, atakuwa na viluwiluwi wenye njaa na ndoo yenye dafnia 50.

Wiki ya 26: mayai

Pamoja na elodea, tumening'iniza vipande vya mfuko laini wa plastiki, upana sentimita 1 na urefu 15, vikiwa vimefungwa kwa fundo na kutiwa uzito wa jiwe. Majike wanavipenda sawa na majani, na kwa mfugaji ni rahisi zaidi: ukanda mmoja hutolewa wote na mayai yake bila kuing'oa mimea.

Ukimtazama jike akitaga, utaona kazi yote inafanywa na miguu ya nyuma. Hulinusa jani kwanza, hulipanda, hulishika kwa vidole vya nyuma pande zote mbili na kulikunja chini ya kloaka. Hutulia hivyo dakika kadhaa. Yai moja hutoka, ute wake unalibandika jani likiwa bado limekunjwa, kisha jike huachia na kwenda jani lingine. Yai moja, jani moja. Ncha za elodea zilizokunjika kama bahasha ndizo za kukaguliwa.

Mikanda hutolewa kila siku ya pili, kwa sababu wazazi hula mayai yao wenyewe bila kusita. Mayai yamewekwa kwenye trei za plastiki zenye maji ya tangi ya kina cha sentimita 5, nyuzi 16 hadi 17, mbali na jua la moja kwa moja. Hatukuyakunjua yote. Yai lililokunjuliwa ni rahisi kulikagua lakini ute wake hupasuka ukivutwa vibaya. Tumekunjua sampuli chache kwa kila trei ili kufuatilia ukuaji, mengine yakaachwa.

Tumebakiza mayai 60. Mayai ya ziada tumeyagandisha siku ile ile ya kutagwa, kabla kiinitete hakijaanza kujitengeneza. Idadi hii imeamuliwa na chakula na nafasi tulizonazo, na tunashauri kila mfugaji aipange kabla ya yai la kwanza, kwa kuwa ni vigumu kupunguza baadaye.

Wiki ya 27 hadi ya 29

Yai linalokua ni rangi mbili mwanzoni, kahawia juu na nyeupe chini. Baada ya siku chache hurefuka kama punje ya haragwe, halafu kichwa na mkia hujitenga, halafu huanza kujipindua ndani ya ute. Yasiyorutubishwa huwa meupe yote na kuota manyoya ya kuvu. Hayo hutolewa kwa bomba la kunyonyea kila asubuhi, kwa maana kuvu huhamia kwenye mayai mazima yanayogusana nayo.

Kwa wanaofuga nyuti wenye vishungi au wenye rangi ya marumaru, wa jenasi Triturus: nusu ya mayai yenu yatakufa hata mkifanya kila kitu sawa. Ni kasoro ya kurithi kwenye kromosomu namba 1. Nyuti wa Alpi hana kasoro hiyo, kwa hiyo hapa vifo vya nusu vingekuwa ishara ya maji mabaya, joto, au dume asiye na rutuba.

Wiki ya 29: kuanguliwa

Wa kwanza wametoka siku ya 18. Urefu milimita 9. Hawana miguu. Kila upande wa kichwa kuna kijiti kimoja chembamba cha kujishikizia, na matamvua matatu ya nje ya kupumulia kila upande, laini kama unyoya. Hulala chini bila kusogea na mtu hudhani wamekufa. Siku 2 hadi 4 za kwanza hutumia kiini kilichobaki tumboni. Chakula kikiwekwa mapema huoza tu.

Chakula cha kwanza ni artemia, kamba wadogo sana wa maji ya chumvi, na huanguliwa hivi. Lita 1 ya maji, gramu 25 za chumvi isiyo na iodini, kijiko kidogo nusu cha mayai ya artemia, nyuzi 26 hadi 28, hewa ikibubujika kwa nguvu na taa ikiwaka. Baada ya saa 24 hadi 36 zima hewa, acha dakika 10: maganda huelea, artemia hukusanyika upande wenye mwanga. Wanyonye kwa bomba jembamba, wachuje kwenye kitambaa kizito, wasafishe kwa maji yasiyo na chumvi, uwape. Kuna chupa 2 zinazoanzishwa kwa kupishana siku, ili mlo usikosekane.

Viluwiluwi hawaoni kisichotembea. Hawafuati unga wala chakula kilichokufa. Artemia akipita mbele ya pua, kiluwiluwi hutulia, halafu kichwa huruka mbele. Dakika 20 baadaye tumbo linaonekana kuwa na rangi ya chungwa kupitia ngozi, na hicho ndicho kipimo chetu cha kila siku. Tumbo tupu saa moja baada ya mlo ni tatizo la leo, lisingoje kesho.

Wiki ya 30: kosa na sababu yake

Trei moja imepoteza viluwiluwi 7 kwa usiku mmoja. Artemia ni mnyama wa maji ya chumvi. Kwenye maji yasiyo na chumvi hufa baada ya saa chache, na mlo wa jioni ulikuwa mkubwa kuliko walioweza kumaliza. Asubuhi maji yalikuwa na ukungu na amonia ilisoma 1. Tangu hapo jioni wanapewa dafnia wadogo tu, ambao huendelea kuishi hadi waliwe, na artemia ni za asubuhi. Mabaki hunyonywa saa 3 baada ya mlo, na nusu ya maji hubadilishwa kila siku. Konokono wadogo wa majini wamewekwa kila trei kula yanayobaki.

Wiki ya 31 hadi ya 36

Miguu ya mbele imetokea kwanza, kinyume cha vyura, halafu ya nyuma. Vijiti vya kichwani vimepotea. Kipindi hiki wanauma chochote kinachosogea, na kinachosogea karibu zaidi ni mguu au tamvua la mwenzake. Kiungo kilichokatwa huota tena kikamilifu ndani ya wiki chache, lakini mwenye matamvua yaliyoliwa hudhoofika na kulengwa zaidi.

Dawa ni nafasi, mosi nyingi na kupanga kwa ukubwa. Sasa ni kiluwiluwi 1 kwa kila lita, makundi matatu ya ukubwa tofauti, yakipangwa upya kila Jumapili. Waliofikia sentimita 2 wanapewa dafnia wakubwa na nyungunyungu weupe wadogo mara 2 kwa wiki. Hao weupe wana mafuta mengi, wasiwe chakula cha kila siku.

Wiki ya 38 hadi ya 42: kugeuka

Dalili hufuatana: matamvua yanafupika, pezi la mkia linapungua, macho yanatokeza, ngozi inakuwa nzito, na mnyama huanza kukaa karibu na uso wa maji. Anayefikia hapo kwenye maji ya kina bila pa kupumzikia anaweza kuzama. Kina kimeshushwa hadi sentimita 4, mosi imejazwa hadi ikagusa juu, na upande mmoja kuna kipande cha gome kilichoinama. Baadhi ya apuana wakipewa maji mafupi namna hii hubaki majini. Spishi hii pia ina waliokomaa wanaobaki na matamvua na kuzaa hivyo hivyo, kwa hiyo kiluwiluwi anayechelewa huku anakula na kukua asiharakishwe.

Waliotaka kutoka wamewekwa kwenye masanduku ya nchi kavu, 6 kwa sanduku la sentimita 40 kwa 25. Nusu ya sakafu ni makumbi ya nazi yenye unyevu, nusu ni kavu kidogo, na juu kuna vipande vya gome. Ngozi yao sasa inakimbiza maji, na sanduku lililoloa pande zote huwaletea vidonda. Ukiyakamua makumbi kwa mkono, tone moja au mawili yanatosha.

Chakula: kolembola, wale wadudu weupe wadogo wanaoruka, wamewekwa sandukuni mwezi mmoja kabla ili wazaliane humo, nzi wa matunda wasioruka mara 3 kwa wiki, wakipakwa unga wa kalsiamu wenye vitamini D3, na vipande vya nyungunyungu vya milimita 3 vikitikiswa kwa kibano mbele ya pua.

Wiki ya 44

Wadogo wa nchi kavu 31, waliobaki majini 9. Wote wanakula. Wazazi wamerudi kwenye nyuzi 16, milo 2 kwa wiki. Jike mmoja aliyekonda kwa kutaga anapewa 3.

Maji yanayotoka kwenye matangi hutiwa klorini ya kufulia kabla ya kumwagwa, na vifaa hukaushwa kabisa. Hakuna mnyama anayeachiwa nje, hata aliye mgonjwa, hata wa ziada. Mwaka 2013 nyuti wa nususpishi hii hii walikutwa porini New Zealand, nchi isiyo na nyuti wa asili, na kuwaondoa kukawa kazi ya kukamata mmoja mmoja.

Wanaokwenda kwa wafugaji wengine wataondoka wakiwa na miezi 4 tangu wageuke, si mapema, kila mmoja akiwa na picha ya koo: kwa apuana koo mara nyingi huwa na madoa, na mpangilio wake humtambulisha mnyama. Dume mmoja asiye na undugu nao ameshaanza karantini.